KITANZI KILICHOLALA: Hukumu ya Kifo Kenya, Ilikotoka na Hoja za Kuifuta



Kama wewe umezaliwa baada ya mwaka 1987, basi tangu ulie kilio chako cha kwanza hadi leo unapofungua ukurasa huu, hakuna mtu hata mmoja aliyenyongwa Kenya kwa amri ya korti. Hata mmoja. Lakini hukumu zenyewe hazikukoma. Jaji anasoma, mshtakiwa anasimama kizimbani, anaambiwa adhabu yake ni kifo, kisha anapelekwa Kamiti, Naivasha au Shimo la Tewa kungoja. Wako waliongoja miaka kumi, wako waliongoja zaidi ya hiyo. Mnyongaji haji, na ruhusa ya kwenda nyumbani pia haiji.

Ndiyo maana kwa miaka mingi sasa kuna watu wanaosema sheria hii ifutwe kabisa, na wako wanaowajibu kwamba ikifutwa wauaji watatucheka. Huenda ukajiuliza, na mambo ya vitanzi yaingia vipi katika jarida la Ramadhan? Yaingia, ndugu yangu. Jambo hili likitajwa barazani baada ya tarawehe sisi huwa tunalijibu haraka mno. Mmoja atasema, "Kisasi kimo ndani ya Qur'an, mjadala wa nini?" na hapo mazungumzo yakafungwa, kahawa ikaendelea. Kisasi kimo kweli, na hakuna Muislamu wa kulikana hilo. Lakini kitanzi cha Kamiti hakikutoka huko. Hebu tukifuate tujue kimetoka wapi.

KITANZI KILIKUJA VIPI

Kabla ya Wazungu kugawana pwani yetu, mashauri ya damu katika miji ya Waswahili yalikuwa mikononi mwa kadhi na liwali chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwengine mikononi mwa wazee. Mtu akiuawa, swali la kwanza lilikuwa: warithi wake ni nani, na wanataka nini? Mijikenda, Wasomali, Waoromo na wengineo nao walikuwa na fidia zao za damu, za ng'ombe au ngamia, zilizopangwa na wazee ili ukoo mmoja usiingie vitani na mwengine. Sisemi mambo yalikuwa mazuri yote. Watu walionewa, na mtumwa aliyeuawa hakuhesabiwa sawa na muungwana. Nasema tu kwamba walioulizwa kwanza walikuwa jamaa za marehemu.

Wajerumani ndio waliotufundisha sura nyengine. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita kuanzia mwaka 1888, walimkamata na kumnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya walimnyonga Kilwa mwaka 1895, na mpaka leo watu wa Kilwa Kivinje wana mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Baada ya vita vya Maji Maji, mwaka 1906, wakawanyonga wazee na majemadari wa Kingoni pale Songea kwa makumi, akiwemo Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji huo umebeba jina lake. Haya hayakufanywa gizani. Yalifanywa watu waone. Hapakuwa na mrithi yeyote aliyeulizwa anataka kisasi au fidia, maana aliyedai damu alikuwa ni serikali, na ilichokuwa inataka ni kuogopwa.

Upande wetu wa Kenya Waingereza walikuja na vitabu zaidi kuliko Wajerumani, lakini kamba ilikuwa ile ile. Walianza kwa kutumia sheria ya jinai waliyoitunga kwa ajili ya India, kisha mwaka 1930 wakaleta Kanuni ya Adhabu ambayo ndiyo, kwa marekebisho ya hapa na pale, tunayoitumia mpaka leo. Kadhi akaachiwa ndoa, talaka na mirathi. Mambo ya damu akanyang'anywa. Katiba ya mwaka 2010 nayo imemwacha pale pale. Kwa hiyo usiku ule unapomsikia mtu barazani akitetea sheria ya kunyonga ya Kenya kana kwamba anaitetea sharia, mwambie polepole kwamba anakitetea kitabu cha mkoloni.

MIAKA YA HALI YA HATARI

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kilichofuata ni jambo ambalo kila kijana wa Kenya anapaswa kulijua kwa hesabu yake. Kati ya mwaka huo na kumalizika kwa vita, watu 1,090 walinyongwa kwa kesi za Mau Mau. Hesabu hii ni ya mwanahistoria David Anderson, aliyepitia majalada ya korti zenyewe. Huwezi kupata, katika vita vyengine vya Waingereza vya kulinda makoloni yao baada ya mwaka 1945, mahali walipomnyonga mtu kwa wingi namna hii. Na usidhani wote hao walikuwa wameua. Kupatikana na risasi mfukoni kulitosha. Kulisha watu kiapo kulitosha. Kuonekana pamoja na wapiganaji wenye silaha kulitosha. Kesi zilikwenda mbio, watu wengi walihukumiwa kwa pamoja wakiwa na namba shingoni, na mtafsiri mmoja akiwasemea wote.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 huko Nyeri, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Alishtakiwa kwa kosa la kupatikana na bastola. Si mauaji, bastola. Novemba kesi ikaisha, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti na kuzikwa humo humo ndani ya jela, kaburi lisilokuwa na alama. Mwaka 2007 serikali ilimsimamishia sanamu katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Mjane wake, Mama Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 akiwa mkongwe, naye bado hajakabidhiwa mifupa ya mumewe aizike. Sisi Waislamu tunaelewa uzito wa jambo hili, maana kwetu hata aliyeuawa kwa kisasi ana haki ya josho, sanda na sala ya maiti, na jamaa zake wamchukue.

Ungedhani basi, uhuru ulipopatikana, jambo la kwanza la serikali mpya lingekuwa kukichoma moto kile kitanzi. Hapana. Kilirithiwa kama vile ofisi na magari yalivyorithiwa, tena kikaongezewa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bunge liliongeza adhabu ya wizi wa mabavu ikawa ni kifo, lazima, jaji hana hiari.

Hapo, msomaji, simama kidogo. Wizi wa mabavu kwa sheria yetu si lazima mtu afe. Inatosha mwizi awe na silaha ya hatari, au awe pamoja na mwenzake mmoja, au ampige aliyeibiwa. Yaani vijana wawili wanaomkaba mtu kichochoroni na kumpokonya simu wanaingia katika kifungu kimoja na genge lililovamia benki kwa bunduki. Na ubaya zaidi ni huu: kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi mshtakiwa asiye na pesa alikuwa akipewa wakili na serikali. Kesi ya wizi wa mabavu husikizwa na hakimu, na huko kijana maskini alikuwa akijitetea mwenyewe, dhidi ya kiongozi wa mashtaka aliyesomea kazi hiyo, kwa kosa ambalo adhabu yake ni kufa. Majela yetu yalijaa vijana wa namna hii waliohukumiwa kunyongwa.

Walionyongwa mwisho walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, wanajeshi wa anga waliokuwa mstari wa mbele katika jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Lilipowashinda walitorokea Tanzania kwa ndege, baadaye wakarudishwa, wakahukumiwa kwa uhaini, na Julai 1987 wakanyongwa Kamiti. Baada ya hapo kitanzi kikalala. Hakuna sheria iliyokilaza. Marais waliofuata hawakutia saini tu.

MARAIS NA MAJAJI

Agosti 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 adhabu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kibinadamu: kumweka mtu miaka na miaka akingojea kamba ni mateso juu ya adhabu, na isitoshe mfungwa wa kunyongwa hakuwa akiruhusiwa hata kufanya kazi gerezani, anakaa tu. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta naye akawabadilishia 2,747, wakiwemo wanawake 92. Hebu zitazame hizo tarehe mbili. Katika miaka saba tu, baada ya safu kufagiliwa yote, korti zilikuwa zimeshaijaza tena.

Upande wa mahakama, mambo yalianzia kwetu Mombasa. Julai 2010 Mahakama ya Rufaa ikiketi hapa, katika kesi ya Mutiso, ilisema si halali kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila ya kutazama hali ya kosa. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikajikana. Wanasheria wakachanganyikiwa, na wafungwa zaidi yao. Mwishowe tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikakata shauri katika kesi ya Muruatetu: sheria inayomfunga jaji mikono katika kesi za mauaji inakwenda kinyume na katiba. Usilifahamu vibaya jambo hili, maana wengi wamelifahamu vibaya. Mahakama haikufuta hukumu ya kifo. Ilifuta ulazima wake. Jaji bado anaweza kuitoa, ila kwanza amsikilize mshtakiwa. Na mwaka 2021 mahakama ikafafanua kwamba uamuzi ule ulikuwa wa mauaji peke yake. Wale vijana wa wizi wa mabavu wakaachwa nje ya mlango.

WANAOSEMA IBAKI

Sipendi mtu anayezidharau hoja za upande wa pili. Wanaosema kitanzi kibaki wana maneno mazito.

Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa wakitoka kortini Mavoko. Siku chache baadaye maiti zao zikaopolewa mtoni. Kosa la yule mteja lilikuwa nini? Alikuwa amemshtaki polisi aliyempiga risasi. Februari 2023, baada ya kesi ya miaka mingi, Mahakama Kuu ilimhukumu yule afisa wa polisi kifo, na wenzake ikawapa vifungo. Huu ulikuwa uamuzi wa baada ya Muruatetu. Jaji alikuwa na hiari, akapima, akaona hili ni la kifo. Sasa sisi watu wa Mombasa, ambao tumezika vijana na masheikh waliopigwa risasi barabarani na mpaka leo hakuna aliyefungwa hata siku moja, tukisikia kwamba afisa mwenye bunduki ya serikali amehukumiwa kifo kwa kuua raia, nyoyo zetu zitasema nini? Usinidanganye, ndugu yangu. Zilisema alhamdulillah.

Au chukua Garissa, Aprili 2015. Watu 148 waliuawa pale chuo kikuu, wengi wao wanafunzi waliokuwa vitandani mwao alfajiri. Mzazi aliyempeleka mwanawe kusoma akarudishiwa jeneza, wewe ukaenda kumwambia kwamba muuaji akikamatwa atalishwa na kuvishwa kwa kodi yake mpaka afe uzee, unaliweza jambo hilo? Mimi siliwezi.

Tena wanasema: serikali isipotoa haki, watu watajitolea wenyewe. Hili tunaliona kila wiki kwa macho yetu. "Mwizi!" mara moja tu, na tairi linatafutwa. Lakini hapa nina neno. Watu walikuwa wakichomwa kwa tairi miaka ile ile ambayo wizi wa mabavu ulikuwa na adhabu ya kifo lazima. Kitanzi kilikuwapo na tairi likawapo. Kinachowafanya watu wachukue sheria mikononi ni kumwona mwizi waliyemkamata jana akipita mtaani leo kwa sababu mtu kituoni amekula rushwa, na kamba haiwezi kutibu rushwa. Hata hoja ya kutisha wahalifu ina shida hiyo hiyo. Kijana anayetoka na panga saa nane usiku hafikirii kifungu cha sheria. Anafikiria hatakamatwa, na mara nyingi hesabu yake ni sahihi.

SHARIA INASEMA NINI HASA

Sasa tuje kwenye lile la barazani. Aya ya 178 ya Suratul Baqara imefaradhisha kisasi kwa waliouawa, kweli. Lakini aya hiyo hiyo, kabla ya kumalizika, imefungua mlango wa msamaha na fidia, na ikamwita anayesamehe na anayesamehewa ndugu. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i wameeleza kwamba warithi wa aliyeuawa wana hiari tatu: kisasi, dia, au kusamehe bila kitu. Warithi wakiwa kumi na mmoja tu kati yao akasamehe, kisasi kimeanguka, waliobaki wana dia yao. Na akiwemo mtoto mdogo miongoni mwa warithi, kisasi kinangoja mpaka abaleghe aseme neno lake. Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba kila aliposhuhudia Mtume (S.A.W.) akiletewa shauri la kisasi, alimwona akiwahimiza watu kusamehe. Na Wahshi, aliyemuua Sayyidna Hamza ammi yake Mtume, aliposilimu hakunyongwa.

Linganisha na Kenya. Mama wa marehemu kortini mara nyingi huwa ni shahidi tu. Atasema alimtambua mwanawe mochari, ataambiwa "asante, unaweza kukaa," na hapo kazi yake imekwisha. Akitaka kusamehe hawezi. Akitaka fidia, mara nyingi humlazimu afungue kesi nyengine ya madai, atafute wakili mwengine, angoje miaka mengine. Mume aliyeuawa ndiye aliyekuwa akilisha nyumba, na mjane wake harudishiwi hata gunia la unga. Serikali ndiyo mdai wa damu, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayoweza kusamehe, kupitia kwa rais, bila ya kumuuliza mjane. Hebu niambie, hicho ni kisasi gani?

Na wizi wa mabavu? Wanavyuoni wameufananisha na hiraba, uporaji wa njiani, uliotajwa katika Suratul Maida aya ya 33. Lakini katika madhehebu yetu adhabu za aya ile zimepangwa kwa daraja. Anayeuawa ni aliyeua. Aliyechukua mali bila kuua ana adhabu yake, aliyetisha watu tu ana yake nyepesi zaidi, na aliyetubu kabla ya kukamatwa ana mlango wake. Kwa hiyo Bunge la Nairobi liliweka kifo mahali ambapo Imam Shafi'i (R.A.) hakukiweka. Halafu tunaambiwa sharia ndiyo kali!

Liko na la shaka. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba adhabu hizi nzito huondolewa inapoingia shaka, na kwamba kadhi akikosea katika kusamehe ni afadhali kuliko kukosea katika kuadhibu. Mwaka wa njaa kuu, mwaka wa 18 Hijria, Sayyidna Umar (R.A.) alisimamisha kukatwa mikono ya wezi. Hakuibadilisha sharia. Aliona kwamba masharti yake hayakutimia, kwa kuwa mwenye njaa hajulikani kama ni mwizi au ni mtu anayejiokoa. Sasa utazame upelelezi wetu, askari wetu, majalada yanayopotea kortini, mashahidi wanaonunuliwa, kisha ujiulize kama masharti yametimia Kenya.

MAHMOOD MATTAN

Nitakueleza kisa cha ndugu yetu mmoja, na sababu ya kukichagua ni kwamba kilitokea Uingereza kwenyewe, walikotuletea kamba.

Mahmood Hussein Mattan alikuwa baharia Msomali, mzaliwa wa upande wa Hargeisa, Muislamu, aliyehamia Cardiff katika nchi ya Wales. Mitaa ya bandarini kule ilikuwa na mabaharia Wasomali, Wayemeni, Waafrika, watu wa visiwa vya Karibi, kama vile ungekuwa Kibokoni au Malindi ya Unguja. Alioa binti wa Kizungu, Laura, wakazaa wavulana watatu, na kwa ndoa hiyo walitukanwa barabarani.

Machi 1952 mwanamke mwenye duka, Lily Volpert, alichinjwa ndani ya duka lake jioni, na pesa zikaibiwa. Polisi wakamkamata Mattan. Pesa hazikuonekana kwake. Kisu hakikuonekana. Kulikuwa na chembe za damu katika viatu vyake, viatu vilivyokuwa vimeshavaliwa na mtu mwengine kabla yake. Shahidi mkubwa alikuwa mtu mmoja aliyedai kumwona akitoka dukani, na zawadi ya pesa ilikuwa imetangazwa kwa atakayetoa habari. Watu wengine walioonyeshwa Mattan walisema siye, lakini wakili wake hakuambiwa hayo. Na wakili mwenyewe, yule aliyekuwa amesimama kumtetea, aliwaambia wazee wa baraza wamtazame mteja wake kama mtu nusu mshenzi. Huyo alikuwa upande wake!

Kesi ilichukua siku tatu. Rufaa ikakataliwa Agosti. Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1952 akanyongwa katika jela ya Cardiff. Laura alikuwa akija kumtazama mumewe, na alipofika akaikuta ilani imebandikwa mlangoni mwa jela. Hivyo ndivyo alivyopata habari. Tangu atiwe hatiani Mattan alikuwa akisema neno moja tu, kwamba hakuua. Mwezi uliofuata, Uingereza hiyo hiyo ikatangaza hali ya hatari hapa Kenya.

Mwaka 1969 yule shahidi mkubwa akafungwa kwa kujaribu kumuua binti yake mwenyewe kwa kumkata shingo. Laura na wanawe hawakuchoka. Mwaka 1996 wakaruhusiwa kuitoa maiti ndani ya jela na kuizika makaburini. Tarehe 24 Februari 1998 Mahakama ya Rufaa ya London ikaifuta hukumu, miaka 45 na miezi baada ya kunyongwa, na familia ikalipwa fidia. Septemba 2022, miaka 70 kamili, polisi wa Wales ya Kusini wakaomba msamaha. Laura alikuwa ameshafariki.

Uingereza ilisimamisha kunyonga wauaji mwaka 1965 na mwaka 1969 ikafuta moja kwa moja. Sisi tuliokipokea kitanzi kwao tumebaki nacho.

NGAMIA MAHAKAMANI

Msimamo wangu ushauona, msomaji, na sitauficha. Kitanzi cha Kenya kama kilivyo nakiona kiondolewe, na kianze kuondolewa kwa wizi wa mabavu, leo kabla ya kesho. Hatutakuwa wa kwanza. Rwanda, yenye majeraha ambayo sisi hatuyajui, ilifuta mwaka 2007. Ilikuwa imewapiga risasi watu 22 hadharani mwaka 1998 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, kisha ikaamua basi. Burundi ikafuta mwaka 2009. Katika nchi zenye Waislamu wengi, Djibouti ilifuta mwaka 1995, Senegal na Uturuki mwaka 2004, na misikiti yao haikufungwa.

Lakini wale ndugu wa haki za binadamu wanaotaka kifutwe, nao nina ugomvi nao. Wao wakishasema "kifungo cha maisha badala ya kifo," wanaona kazi imekwisha. Mjane bado yuko pale pale kwenye benchi la korti. Ukikiondoa kitanzi na usiwape jamaa za marehemu sauti wala fidia, umemhurumia mmoja ukamsahau mwengine.

Na jambo hili si ndoto. Mwaka 2013 katika Mahakama Kuu ya Nairobi kulikuwa na kesi ya mauaji, marehemu na mshtakiwa wote ni Waislamu. Kabla haijafika mwisho, familia mbili zilikaa pamoja na wazee, wakapatana kwa mujibu wa sharia na mila zao. Ngamia, mbuzi na vitu vyengine vikatolewa, na ibada za kusuluhisha zikafanywa. Familia ya marehemu ikaandika kwamba imeridhika na haitaki kesi iendelee. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaipeleka barua kwa jaji na kuomba mashtaka yaondolewe. Jaji akaitazama katiba ya 2010, kifungu cha 159, kinachozihimiza mahakama zitumie suluhu na njia za kijadi, akakubali. Mshtakiwa akaachiliwa.

Walilalamika wengi, na wana haki ya kulalamika. Maskini akiua atanyongwa na tajiri akiua atatoa ngamia, je? Mjane akitishwa na wazee wa kiume wa ukoo mpaka akubali fidia ambayo mikononi mwake haifiki hata shilingi, huo ni msamaha? Haya ni maswali ya kweli. Sisi tunaowajua wazee wetu tunajua yanatokea. Katika kesi za baadaye majaji wengine walikataa kufuata mfano ule, wakasema mauaji ni kosa kwa jamii nzima na familia mbili haziwezi kulizima peke yao.

Basi jambo liko hivyo. Mahakama moja imesema inawezekana, nyengine zimesema haiwezekani, na Bunge halijatunga sheria ya kueleza dia isimamiwe na nani, ihesabiwe vipi, mjane alindwe vipi asilazimishwe, na mshtakiwa atumikie nini hata baada ya kusamehewa. Tunao mawakili Waislamu, tunao makadhi, tunao wabunge tuliowapigia kura. Katika mikutano yote ya hadhara niliyohudhuria, sijapata kumsikia mmoja wao akiulizwa swali hili. Wabunge wenyewe mwezi huu watakuja kutufuturisha, kama kawaida yao. Waulizeni.

Wabillahi tawfiq.